Nani Atauchunguza Uongo wa Kiswahili?

Desemba 2021 Twitter ilitangaza kwamba imezifuta akaunti 268 zilizokuwa zikitumika kupeleka malalamiko ya hila dhidi ya wanachama na wafuasi wa FichuaTanzania, kundi la utetezi wa haki za binadamu. Hila yenyewe ilipangwa kwa akili. Mtu anachukua maneno au picha aliyoiweka mwanaharakati, anaibandika kwenye blogu aliyoifungua mwenyewe, anairudisha nyuma tarehe ya chapisho ili ionekane lilitangulia, kisha anaiandikia Twitter: huyu ameiba kazi yangu. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1998 inaipa kampuni kila sababu ya kuondoa kwanza na kuuliza baadaye. Anayetaka kujitetea anatakiwa kuandika pingamizi lenye jina lake kamili, anwani na namba ya simu, na taarifa hizo humfikia mlalamikaji. Kwa mtu anayeandika kwa jina la siri kwa sababu anaogopa kukamatwa, kujitetea kwa namna hiyo ni kujisalimisha. Akinyamaza, malalamiko yanarundikana na akaunti inafungwa.

Katika mchezo huo msomaji wa kawaida hakuona habari yoyote ya uongo. Kilichoghushiwa kilikuwa tarehe, tena kwenye blogu ambayo hakuna aliyeisoma. Alichokiona msomaji ni kwamba sauti fulani alizozoea kuzifuata zimenyamaza, na hakujua kwa nini. Uongo wa aina hii hauwezi kutambuliwa na mwananchi mmoja mwenye simu yake hata awe makini namna gani. Unahitaji mtu aliyekaa na orodha ya akaunti zote, akalinganisha tarehe, picha za wasifu na mpangilio wa malalamiko, mpaka umbo zima likaonekana.

Mtu huyo alikuwepo. Walioichambua data ile na kuieleza hatua kwa hatua ni watafiti wa Stanford Internet Observatory, timu iliyoanzishwa mwaka 2019 katika Chuo Kikuu cha Stanford, California. Oktoba ya mwaka huohuo wa 2019 walikuwa wameonyesha pia jinsi kurasa za Facebook zilizohusishwa na mfanyabiashara wa Urusi, Yevgeny Prigozhin, zilivyokuwa zikiendesha siasa katika nchi kadhaa za Afrika, Msumbiji na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zikiwemo. Kwa hiyo sehemu ya historia yetu ya kisiasa mitandaoni imeandikwa California, na imeandikwa vizuri. Nawashukuru walioiandika.

Leo timu ile haipo tena kama ilivyokuwa. Kuanzia 2023 kamati ya Baraza la Wawakilishi la Marekani chini ya Jim Jordan iliwadai watafiti barua pepe zao na kuwahoji, ikiwatuhumu kwamba wanashirikiana na serikali kuwaziba watu midomo. Kesi zikafuata, na gharama za mawakili, kwa taarifa za wakati ule, zikafika mamilioni ya dola. Alex Stamos, mwanzilishi wake, akaondoka. Juni 2024 ikajulikana kwamba mkataba wa Renée DiResta, mmoja wa watafiti wake wakuu, haukuhuishwa, na kwamba kinachoendelea hasa ni kazi ya kuwalinda watoto mtandaoni. Chuo kilikanusha kwamba kimeifunga. Tarehe 26 ya mwezi huohuo Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Murthy v. Missouri, iliamua kwa majaji 6 dhidi ya 3 kwamba waliolalamika kuzibwa mdomo hawakuwa na msingi wa kisheria wa kufungua shauri lile. Uamuzi ulifika wakati watu wameshatawanyika.

Milango ya data nayo ilikuwa inafungwa mmoja baada ya mwingine. Februari 2023 Twitter ilitangaza kuondoa njia ya bure ambayo watafiti wa dunia nzima walikuwa wakiitumia kuvuta machapisho yake. Tarehe 14 Agosti 2024 Meta ikaizima CrowdTangle, chombo ambacho waandishi na wanachuo walikitegemea kuona nini kinasambaa Facebook na Instagram. Aprili 2025 Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani ukafuta ruzuku nyingi, na utafiti wa habari potofu ulikuwa miongoni mwa yaliyokatwa.

Ninachodai ni hiki: wasemaji wa Kiswahili, ambao UNESCO inawakadiria kuwa zaidi ya milioni 200, wamekuwa wakitegemea macho ya kuazima, na mwenye macho ameyachukua. Tunahitaji timu zetu za vyuo vikuu, zinazojua lugha na mahali, zinazochunguza ni nini watu wanakiamini mtandaoni na kwa nini. Na tunazihitaji zikiwa mbali na mkono wa dola, kwa sababu nitakazozieleza.

Kwanza tuangalie elimu hii imefika wapi, maana haianzi sifuri. Mwaka 2002 kundi jingine la Stanford, chini ya B. J. Fogg, liliwaomba watu 2,684 watathmini tovuti 100 na kueleza wanaziamini kwa kiasi gani. Maelezo yalipochambuliwa, jambo lililotajwa mara nyingi kuliko yote, katika karibu asilimia 46 ya maoni, lilikuwa mwonekano: rangi, mpangilio, maandishi yalivyokaa. Sifa za mwandishi na ukweli wa maelezo vilikuja nyuma sana. Watu walikuwa wanaipima tovuti ya afya au ya benki kwa sura yake.

Baadaye Sam Wineburg na Sarah McGrew, nao wa Stanford, waliwaweka mbele ya kompyuta wanahistoria 10 wenye shahada za uzamivu, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Mojawapo ya kazi walizopewa ilikuwa kulinganisha tovuti mbili za madaktari wa watoto. Moja ni ya chama kikuu cha kitaaluma cha Marekani, kilichoanzishwa 1930 na chenye makumi ya maelfu ya wanachama. Nyingine ni ya kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002, chenye jina linalofanana na la kwanza na tovuti nadhifu. Wanafunzi wengi walikiona kikundi kidogo ndicho cha kuaminika zaidi. Baadhi ya wanahistoria nao waliyumba. Wahakiki wote kumi walipata jibu, na wengi wao ndani ya muda mfupi sana.

Tofauti haikutokana na akili wala shahada. Wanafunzi na wanahistoria walibaki ndani ya ukurasa, wakausoma kutoka juu hadi chini, wakaangalia nembo, marejeo na lugha. Wahakiki waliuacha ukurasa karibu mara moja. Walifungua dirisha jingine, wakaulizia kwa watu wa nje: hawa ni nani, nani anawalipa, wengine wanawasemaje? Walirudi kusoma baada ya kujua wanasoma maneno ya nani.

Mtu aliyekaa madrasa, Lamu au Unguja au Kariakoo, hapaswi kuiona njia hii kuwa ngeni. Hadithi ya Mtume ina matini na ina sanadi, yaani mnyororo wa walioipokea, mtu kwa mtu. Wanazuoni wa karne za mwanzo waliandika vitabu vizima kuhusu wapokezi: huyu alikuwa mkweli, huyu kumbukumbu yake iliharibika uzeeni, huyu hakuwahi kukutana na anayedai kumsikia. Maneno yangeweza kuwa mazuri ya kutoa machozi, na hadithi ikahukumiwa kuwa dhaifu kwa sababu ya mtu mmoja katikati ya mnyororo. Hii ni elimu ya kupima habari ambayo imefundishwa kwenye pwani yetu kwa mamia ya miaka. Hata hivyo mtu yuleyule aliyejifunza kuuliza hadithi imepokewa na nani, anapopata sauti iliyorekodiwa kwenye kundi la WhatsApp la familia, anaisukuma mbele bila kuuliza imetoka kwa nani. Tumejenga ukuta kati ya elimu ile na simu, na sidhani kuna mtafiti aliyekaa kutueleza kwa nini.

Tuna pia methali inayotuvuta upande wa pili: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika kijiji ambako kila msemaji anajulikana kwa jina na kwa tabia, methali hiyo ilikuwa na mantiki yake. Uvumi ulikuwa na mtu wa kuulizwa. Kwenye kundi lenye watu 300 kutoka Mwanza, Muscat na Minneapolis, lisemwalo linaweza kuwa limetungwa na mtu ambaye hamtamjua kamwe, kwa sababu ambayo hamtaijua kamwe.

Kwa miaka mingi tulijikinga kwa alama ndogo ndogo. Ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” tuliutambua kwa uandishi wake. Kiswahili cha kuvunjika, herufi kubwa zisizo na mpango, picha iliyofifia: hizo ndizo zilizotuambia kuna tapeli. Sasa programu za akili unde zinaandika Kiswahili sanifu kisicho na kosa la tahajia, na zinatengeneza sauti inayofanana na ya mtu unayemjua. Kipimo cha sura, ambacho utafiti wa 2002 ulionyesha ndicho watu wanachokitegemea zaidi, kimepoteza thamani yake yote. Kilichobaki ni kuuliza habari imetoka kwa nani.

Na hapo ndipo utafiti wa Marekani unapoishiwa nguvu ukivuka bahari. Njia ya kuuacha ukurasa na kuulizia nje inadhani kwamba huko nje kuna kitu cha kusoma. Kwa Kiingereza kipo. Ukitafuta kwa Kiswahili kuhusu dawa fulani, kampuni fulani ya upatu au kauli fulani ya waziri, mara nyingi unakuta habari ileile imenakiliwa kwenye blogu kumi, zote zikitegemea chanzo kimoja ambacho hakijatajwa. Nukta Fakti na JamiiCheck nchini Tanzania, pamoja na PesaCheck na ofisi ya Africa Check jijini Nairobi, wanafanya kazi kubwa ya kujaza pengo hilo, lakini wanahakiki habari moja moja, na uongo haungoji zamu yake. Nani anapima kama mama ntilie wa Temeke aliyesoma uhakiki huo amebadili mawazo? Nani anajua kama uliwahi kumfikia?

Kuna nyakati ambapo huko nje panakuwa patupu kwa makusudi. Mwanzoni mwa Mei 2020 hesabu rasmi ya korona Tanzania ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, ikakaa hapo kwa zaidi ya mwaka. Katika miezi hiyo watu walipiga nyungu, walichemsha tangawizi na malimao, na kila kundi la WhatsApp lilikuwa na daktari wake asiye na jina. Ni rahisi kuwaita watu hao wajinga. Lakini mtu anayetaka kujua kama mzee wake aendelee kwenda msikitini au kanisani alipaswa kuulizia wapi? Chanzo kilichopaswa kusema kilikuwa kimenyamaza, na mahali palipobaki wazi pakajazwa na yeyote aliyekuwa na bando. Oktoba 2025 tukaliona jambo hilo kwa sura kali zaidi: intaneti ilizimwa Tanzania siku ya kupiga kura, ikabaki gizani kwa siku kadhaa, na iliporudi kila mtu alikuwa na video zake na idadi yake ya waliokufa.

Utafiti ninaourudia mara kwa mara kichwani umefanyika Beni na Butembo, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, miji ambako Kiswahili kinasikika sokoni sambamba na Kinande. Septemba 2018, mlipuko wa Ebola ukiwa umeanza karibuni, watafiti wakiongozwa na Patrick Vinck wa Harvard waliwahoji watu wazima 961. Robo yao, asilimia 25.5, hawakuamini kwamba Ebola ipo. Chini ya theluthi moja waliamini kwamba viongozi wa maeneo yao wanafanya kazi kwa manufaa yao. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja: asiyewaamini viongozi alikuwa na uwezekano mdogo wa kukubali chanjo au kwenda kutibiwa. Mlipuko ule ulipotangazwa kwisha, Juni 2020, zaidi ya watu 2,200 walikuwa wamekufa.

Soma namba hizo ukiwa mkazi wa Beni. Kwa miaka mingi watu wanachinjwa usiku pembezoni mwa mji, na wanajeshi wa serikali na wa Umoja wa Mataifa wapo hapohapo. Hakuna anayekuja mbio kwa ajili ya malaria inayowaua watoto wako kila mwaka. Kisha inakuja Ebola, na ghafla magari, mahema na fedha za wazungu. Desemba 2018 Tume ya Uchaguzi inatangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na nchi nzima kwa sababu ya Ebola na usalama. Watapiga Machi 2019, wakati rais mpya ameshaapishwa. Katika hali hiyo, ujumbe unaosema “Ebola ni mchezo wa siasa” haukuhitaji tovuti nzuri wala video ya kughushi ili uaminike. Ulitua juu ya uzoefu wa miaka.

Kwa hiyo ninapowasikia wataalamu wakisema tatizo letu ni “elimu ya habari”, kwamba tukiwafundisha watu kutambua picha za kughushi mambo yatatulia, nawakubalia nusu. Mwanafunzi wa Stanford aliyedanganywa na tovuti ya madaktari alikosa ujuzi, na ujuzi unafundishika. Mkazi wa Butembo hakukosa ujuzi. Alikuwa ameuliza swali sahihi, ni nani anayesema haya, na jibu alilopata kutokana na maisha yake lilimfikisha mahali pabaya. Timu ya utafiti isiyojua tofauti ya watu hawa wawili itaandika mapendekezo yaleyale kwa wote. Timu iliyokulia katika lugha hiyo na kwenye historia hiyo ina nafasi nzuri zaidi ya kuiona.

Kinyume chake kimeonekana Kenya. Katika uchaguzi wa Agosti 2022 Tume ya Uchaguzi, IEBC, iliweka wazi kwenye tovuti yake fomu za matokeo, namba 34A, za vituo zaidi ya elfu 46. Mtu yeyote aliyekuwa na simu aliweza kuitafuta fomu ya kituo alichopigia kura na kuilinganisha na ile iliyobandikwa mlangoni. Vyombo vya habari vilijumlisha vyenyewe, vijana vyumbani mwao walijumlisha. Ilipodaiwa kwamba wadukuzi wamezibadilisha fomu kwenye mfumo, fomu za asili na nakala zikalinganishwa chini ya usimamizi wa Mahakama ya Juu, na tarehe 5 Septemba majaji waliyatupa madai hayo. Uzushi haukuisha Kenya mwaka huo. Ulikuwa mwingi kweli. Lakini aliyetaka kuuacha ukurasa na kuulizia nje alikuta kuna mahali pa kwenda, tena pamefunguliwa na chanzo chenyewe. Ningependa kujua Wakenya wangapi walizifungua fomu zile wenyewe, na kama waliozifungua waliamini matokeo kuliko ambao hawakuzifungua. Hilo ni swali la tasnifu nzima ya uzamivu, na data yake ilikuwa mezani kwetu.

Mwaka uleule wa 2022, wiki chache kabla ya kura, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliijaribu Facebook kwa kuwasilisha matangazo ya chuki za kikabila, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, ili waone kama yatazuiwa. Ya Kiingereza yalikwama kwanza kwa sababu ya sarufi na matusi, yakapita baada ya kurekebishwa kidogo. Ya Kiswahili yalipita. Mashirika yenyewe yaliwahi kuyaondoa kabla hayajaonyeshwa kwa mtu. Jaribio hilo dogo linatosha kuonyesha ni kiasi gani kampuni zenyewe zinaisikia lugha yetu.

Sasa nije kwenye sababu zinazonifanya nisisitize umbali na dola. Watu wanaowapinga watafiti hawa Marekani wana hofu ambayo, ikiondolewa kelele za siasa, ina msingi: anayepewa kazi ya kusema lipi ni kweli anaweza kugeuka kuwa anayeamua nani aseme. Sisi tumeshayaona hayo kwa macho. Julai 2018 taasisi ya Twaweza ilitoa matokeo ya kura ya maoni yaliyoonyesha kwamba kukubalika kwa Rais Magufuli kumeshuka, na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ikawaandikia barua kuwadai maelezo kuhusu kibali cha utafiti. Miezi michache baadaye Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ikaweka adhabu kwa anayetangaza takwimu zinazopingana na za serikali, na ilichukua hadi 2019, baada ya Benki ya Dunia na wengine kupiga kelele, kulegezwa. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinaufanya uchapishaji wa habari za uongo kuwa jinai. Kenya nayo iliweka vifungu vya namna hiyo katika sheria yake ya 2018. Katika mazingira haya, timu ya chuo kikuu inayopeleka orodha ya “wazushi” kwa mamlaka ya mawasiliano itakuwa tawi la polisi lenye maktaba.

Ndiyo maana naona kazi ya kuchunguza lazima itenganishwe kabisa na mamlaka ya kufuta. Watafiti wachunguze, wachapishe kwa majina yao, waonyeshe data na mbinu ili wengine wawakosoe. Wasimpelekee mtu yeyote, serikali wala kampuni, majina ya watu binafsi ya kushughulikiwa. Wakichunguza uongo wa wapinzani, wachunguze na wa wizara kwa kipimo kilekile. Stanford na Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2020 walikuwa wakizipelekea kampuni taarifa za machapisho waliyoyaona yanavunja kanuni, kwa nia njema, na mlango huohuo ndio uliotumiwa kuwashambulia. Somo hilo wameshalilipia wao. Sisi tunaweza kulichukua bure.

Na kuna mambo mengi ya kufanyiwa kazi yasiyomgusa mwanasiasa yeyote. Mfano mmoja: Aprili 2020 WhatsApp ilizuia ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi usitumwe kwa zaidi ya kundi au mtu mmoja kwa wakati, na baadaye kampuni ikasema usambazaji wa jumbe za aina hiyo umepungua kwa asilimia 70. Kikwazo cha kidole kimoja kimefanya kazi ambayo mahubiri hayakuifanya. Lakini je, kwa jumbe za sauti za Kiswahili, ambazo watu wengi huzipakua na kuzituma upya kama faili jipya, kikwazo hicho kilifanya kazi vilevile? Mtu anayesikiliza sauti ya mwanamke mwenye lafudhi ya kwao anaiamini kuliko maandishi? Picha ya ukurasa wa mbele wa gazeti iliyoghushiwa inaaminiwa zaidi kuliko maneno matupu kwa mzee aliyekulia kwenye magazeti, au kijana ndiye anayenaswa zaidi? Utafiti wa Vosoughi, Roy na Aral wa MIT uliochapishwa 2018, juu ya habari zaidi ya laki moja zilizosambazwa Twitter kwa miaka 11, ulionyesha kwamba uongo ulikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusukumwa mbele kuliko ukweli, na kwamba waliousukuma ni binadamu wa kawaida wala hawakuwa roboti. Ulikuwa ni utafiti wa habari za Kiingereza, kwenye mtandao ambao kwetu si mkubwa kama WhatsApp. Hatuna chetu cha kuulinganisha nao.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, kina shule ya uandishi wa habari, na kina ndaki ya TEHAMA pale Kijitonyama. Watu hao wanakaa katika jiji moja. Chuo Kikuu cha Moi, Kenya, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, vina wataalamu wa lugha wa kiwango cha juu. Wataalamu wa Masakhane, mtandao wa watafiti wa teknolojia ya lugha za Afrika, wameshaonyesha kwamba Waafrika wanaweza kujenga wenyewe zana za kompyuta za lugha zao bila kungoja kampuni kubwa. Kinachokosekana ni mtu wa kuwakalisha meza moja, bajeti ya miaka mitano isiyotegemea mfadhili mmoja wala wizara moja, na njia ya halali ambayo watu wa kawaida wanaweza kuitumia kuchangia jumbe wanazopokea, kwa hiari na bila majina yao, kwa sababu WhatsApp haina mlango wa nyuma wa mtafiti na haipaswi kuwa nao.

Kazi hii pia haiwezi kuanza wiki mbili kabla ya uchaguzi. Ili ujue kilichobadilika unahitaji kujua hali ilikuwaje kabla: watu wanaamini vyanzo gani katika mwezi wa kawaida, wanasambaza nini pasipo na kampeni, wanauliza nani wanapotilia shaka. Kenya inapiga kura Agosti 2027. Timu itakayotaka kusema lolote la maana kuhusu uongo wa uchaguzi huo ilipaswa kuwa imeshaanza kukusanya. Mkuu wa ndaki anayesoma haya anaweza kuandika barua mbili wiki hii, moja kwa wenzake wa lugha na moja kwa wenzake wa kompyuta, na kikao cha kwanza kinaweza kufanyika ofisini kwake.